Kipimo cha Kiganja

Fundi Bortolin kaegesha gari kwenye theluji inayolika,
kashusha vipande vinne vya mfano, kaviegemeza ukutani
kama watoro mbele ya mwalimu mkuu.
"Chagueni," kasema. "Jumatatu nina baraza jingine."

Baraza letu ni jipya, mbao zinanuka utomvu bado,
limetokeza upande wa Ziwa Superior,
futi saba juu ya mawe,
na ukingo halina.
Tangu Oktoba mlango wa nyuma nimeufunga kwa kamba ya kiatu
na karatasi ya wino mwekundu: USITOKE.
Orvo huisoma kila asubuhi.
Huisoma kwa kidole.

Cha kwanza kioo.
Kioo kitupu, hakuna kinachokatiza maji.
Macho hayana pazia, walinena walionena,
na Orvo akachangamka: "Hicho, Helmi! Ziwa lote,
mpaka lile Jitu Lililolala!"
Akanyoosha kidole kuuonyesha mlima.
Kidole kikaangukia ghala la akina Kivelä.
Sikumsahihisha.
Nikamuuliza fundi nani atakuwa akikifuta, na ndege je?
"Ndege," akakuna shingo, "watajifunza."
Ndege hawajifunzi. Nimewahi kumzika mmoja
katika kopo la kahawa.

Cha pili nyaya, zimekazwa kutoka nguzo hadi nguzo.
Nikaupiga mmoja kwa ukucha:
ukalia mlio wa jino bovu.
Nikawaza Novemba, upepo wa ziwani, usiku kucha.

Cha tatu alumini nyeusi, dhamana miaka thelathini.
Dhamana itatuzika sote wawili.
Na Januari hapa Thunder Bay, gusa chuma kwa mkono mtupu
uone kama ngozi yako utairudisha yote ndani.

Cha nne mwerezi. Fito za kawaida, zimesimama wima,
na juu yake mshikio wa mviringo,
mnene kama mpini wa sepetu.

Manispaa ina sheria zake.
Mkaguzi huja na mpira wa sentimita kumi;
ukipenya kati ya fito, umefeli.
"Ni kichwa cha mtoto," fundi akatueleza.
Wajukuu wetu wanne walishakipita kipimo hicho,
wa mwisho ana ndevu.
Ila sheria haina mpira
wa kumpima mwanamume anayehesabu kimoyomoyo
hatua sita hadi jikoni, tisa hadi kitandani,
anayemimina chai huku kidole kikingoja ndani ya kikombe
kimwambie imejaa.
Mwenye macho haambiwi tazama. Na mimi ninayo.
Miezi minane nimetazama, nimenyamaza,
kwa kuwa yeye kanyamaza kwanza.

Nikamwambia, "Orvo, fumba macho."
"Ya nini?"
Lakini aliyafumba upesi,
kama mtu anayetuliwa mzigo.

Akapita mstarini, kiganja mbele.
Kioo: akakiacha.
Nyaya: akavuta pumzi.
Chuma: akajifuta kwenye suruali.
Kwenye mwerezi mkono ukakaa.
Ukaenda hadi mwisho wa mti, ukarudi,
kidole gumba kikalipata fundo, kikalizunguka.
"Huyu," akasema.

Fundi ni mtu mwaminifu, akatuonya:
mwerezi unataka mafuta kila baada ya miaka miwili,
"na fito zitalikata ziwa vipande vipande."

"Lilishakatika," Orvo akasema.

Macho bado kayafumba.
Hakuna aliyesema neno. Mtaroni theluji iliendelea kudondoka.
Kisha nikasikia sauti yangu ikimwomba fundi
achonge kijishimo kidogo, upande wa chini wa mshikio,
pale hasa ngazi zinapoanza,
mahali mgeni hawezi kukiona.

Akaandika. Hakuuliza sababu, wala hakutaja bei.
Akapakia kioo chake kwa uangalifu, vingine akavitupa tu nyuma.

Kamba ya kiatu ingali mlangoni.
Jumatatu ana baraza jingine.