Chumba Namba Tisa

Kwenye kadi ya shingoni wamenikosea jina,
wakanipa kalamu isiyoandika
na chupa ya maji baridi: Julai hii, Iringa hii.

Tuko thelathini na mmoja, mameneja wa hoteli kuukuu.
Hatuulizani habari za watoto.
Tunaulizana: paa lako linavuja upande gani?
Kikoti wa Mufindi ana popo darini,
wazee kuliko mkataba wake wa kazi.
Lwitiko wa Mbeya ana beseni la kuogea lenye miguu ya simba;
halijaonja maji tangu pampu ife,
na haliuzi, kwa kuwa wageni hulipiga picha.
Mama Sanga wa Njombe ana piano.
Ndani ya piano mna panya.
Panya, anasema, ana mkono mwepesi
kuliko bwana shamba aliyeiacha.

Mwezeshaji ametoka Dodoma, anawasha projekta.
*Urithi ni mtaji*, ukutani, kwa herufi za buluu.
Kila mmoja ataje umri wa hoteli yake
na nani aliijenga.
Majina yanashuka kama mizigo toka kwenye keria:
bwana huyu, kampuni ile, misheni, kapteni mstaafu.
Zamu yangu ikafika.
Nikasema, mwaka siujui.
Aliijenga babu, mzaa mama,
kwa mawe ya mto Kiwira, aliyoyabeba kichwani
mpaka utosini pake pakawa na kibonde.
Tulipokuwa wadogo tuliweka humo punje za mahindi
naye akatembea uwanja mzima, hata moja isidondoke.

Mwezeshaji akaandika: *Haijulikani.*

Usiku nikapewa chumba namba tisa.
Miaka kumi na minane natandikia watu vitanda;
kulala kwenye kilichotandikwa kwa ajili yangu
sijafundishwa.
Bomba linadondosha. Tone. Nasubiri. Tone.
Saa nane nikaamka, nikachomoa uzi kwenye shali,
nikaufunga kwenye mdomo wa bomba, maji yateremke kimya.
Nikatoka koridoni. Ubao wa tatu ukalia
(kwenye nyumba zetu zote, ubao wa tatu hulia)
na tazama: Kikoti, kavaa koti juu ya pajama,
anapapasa sanduku la fyuzi.
Mama Sanga, kichwa ndani ya kabati, ananusa mataulo.
Lwitiko kapiga magoti mbele ya dirisha,
anapima kwa kiganja upepo unapopenyea.
Hatukusemeshana.
Tuliitikiana kwa vichwa, kama wezi wa kijiji kimoja.
Kule juu Gangilonga, jiwe wanalosema huongea,
lilikaa na baridi yake, kimya.

Asubuhi akaja mhudumu, Vumilia,
sweta lake bado lina nembo ya shule,
shuka safi amezikumbatia kifuani.
Akakiona kitanda: pembe zimekunjwa kama bahasha.
"Mama, hukulala?"
"Nililala."
"Sasa mimi nifanye nini?"

Swali hilo halikuwamo kwenye ratiba.
Nikazivuta shuka zote, nikazitupa sakafuni,
nikaketi kitini na kuikalia mikono yangu
wakati yeye anatandika.
Pembe ya kushoto aliikosea.
Mungu ananijua, sikusema.
Alipofika mlangoni akageuka, akarudi,
akaikunjua, akaikunja tena.

Mchana ukasomwa ukurasa wa maazimio.
La sita: mkutano wa mwakani ufanyike Tukuyu,
kwenye hoteli ile ambayo mjenzi wake hajulikani.
Ukumbi ukapiga makofi.
Nami nikapiga, nikihesabu moyoni
ndoo za kukingia mvua nilizonazo:
kumi na nne,
moja imetoboka.