Mapumziko ya Lazima

Irja ameficha shoka.
Anamjua mumewe: mwambie apumzike,
atapasua kuni za majira mawili ya baridi.

Zimebaki siku mbili, kisha kilomita tisini juu ya theluji,
na Tauno amekaa jikoni kama mgeni
aliyekatazwa kuosha vyombo.
Goti la kushoto, lililonyamaza mwaka mzima,
leo lina maneno. Koo nalo linawasha,
au ni mawazo tu?
Mbao za kuteleza amezipaka nta mara tatu.
Amehesabu soksi.
Amepanda ngazi, akasahau alichofuata,
akashuka,
akapanda tena, safari hii kwa raha kidogo.

"Kaa," anasema Irja,
macho hayaondoki kwenye glavu anayoifuma.

Miezi minane ameufunza mwili kuchoka bila kulalamika.
Kutulia hakuufunza. Hakujua kama nako kuna somo.

Saa tisa usiku yuko dirishani,
paji la uso kwenye kioo.
Ziwa limelala chini ya barafu tangu Novemba,
wala haliombi radhi.

Anarudi kitandani, miguu ya baridi, moyo ukienda mbio.
"Shoka liko wapi?"
"Nimelilalia," anasema Irja. "Lala na wewe."