Riali Mbili kwa Ndoo

Ijumaa, baada ya sala, tukatoka Ibra,
Bi Zuweina usukani, mimi nyuma na watoto,
chupa ya chai nimeibana kwa magoti,
na Yaarubu ananiuliza mara ya saba:
"Dada Nashipai, vito vinang'ata?"

Lango ni mapipa mawili na kamba.
Kibao kimeandikwa kwa rangi iliyobaki mlangoni:
mtu mzima riali mbili, mtoto baisa mia tano,
utakachookota ni chako.
Nikakisoma polepole,
kama anayetafuta jina lake kwenye orodha ya wadaiwa.

Maana kazi hii naijua.
Mererani, juu ya vifusi vya watu,
nilichekecha tangu meno ya mbele hayajarudi:
wavu wa dirisha, jua la utosi,
vumbi la kinywe mpaka kwenye mate.
Kiingilio hatukulipa. Tulilipa kwa mbio
mlinzi alipofungua mbwa.
Na siku ukiona buluu, hata ya punje ya mchele,
unaimeza kwanza,
unamshukuru Mungu baadaye.

Hapa wanagawa nyundo zenye mpini wa mpira,
miwani ya plastiki, ndoo ya manjano.
Mama mmoja wa Maskati kavaa glavu za kuoshea vyombo;
mumewe anagonga mwamba
kama anayebisha hodi kwa mdeni wake.
Wanacheka. Wamelipa ili wachoke.
Sijapata kuona uchovu ukinunuliwa.

Nilikuwa nimeshakiona kivuli changu, ubavuni mwa gari.
"Na huyu," akasema Bi Zuweina langoni,
akachomoa noti mbili zaidi.
"Shuka nawe. Usikae kama mzigo."

Mikono ilikumbuka kabla yangu:
zungusha, tikisa, kizito kiache kishuke,
chepesi kiende na upepo.
Mama wa glavu akasimama kunitazama.
Akaniuliza kwa Kiarabu nimesomea wapi.

Kisha Yaarubu akapiga kelele, bonde likamjibu.
Jiwe jekundu, rangi ya ini bichi.
Nikaligeuza kiganjani. Laini mno.
Jiwe la wadi hupigwa na maji, hubaki na kovu;
hili lilizungushwa na mashine.
Nikainua macho.
Rofik, kibarua wa pale, ameegemea reki,
magotini ana udongo uliokwisha kukauka,
udongo wa alfajiri.
Ndiye anayepanda.
Akanitikisia kichwa, kidogo tu,
kama mwenye duka anayekuomba
usitaje bei yako mbele ya mteja mwingine.

"Ni akiki," nikamwambia mtoto.
"Ya kweli?"
"Ya kweli."
Wala sikudanganya. Jiwe lilikuwa la kweli.
Iliyopandwa ni bahati.

Shamsa hakupata kitu, akaanza kulia.
Rofik akapita na reki yake, akakohoa,
na pale alipokohoa pakawa na jiwe.

Kwetu hakuna aliyerauka kutupandia.
Kilichoingia ardhini kule na kisitoke
ni Lemayani, kaka yangu,
yeye na mvua ya usiku mmoja.
Miaka miwili baadaye
nilichekecha kifusi cha shimo lile lile,
nikitafuta buluu,
nikiomba nisione kitu kingine.

Jioni tukarudi. Ndoo yangu sikuibeba.
Bi Zuweina akauliza, "Hukupata hata kimoja?"
Nikasema mawe ya huku bado hayajanizoea.
Akacheka, akaongeza sauti ya redio.

Usiku, mashine ya kufulia ikagugumia, ikasimama.
Nikaingiza mkono kwenye maji ya moto,
mfukoni mwa suruali ya Yaarubu:
ile akiki, imelala na uzi na tishu iliyoroweka.
Nikaisuuza povu.
Nikaielekeza kwenye taa, jicho moja nimelifumba,
kama tulivyokuwa tukifanya.

Na ulimi wangu, bila kuulizwa,
ukaanza kuandaa mate.