Hodhi Kavu

Muuzaji wa Al-Khuwair awasha taa,
rangi saba zazunguka chini ya hodhi.
"Mama, tazama!" Mama hatazami.
Agonga ubavu kwa pete yake, kama agongavyo
nazi sokoni Seeb: ngo, ngo, kisha bo.
"Hapa patupu," asema.

Auliza uzito wa mfuniko.
Aunyanyua kwa mkono mmoja, ule mzima.
Auliza pampu ikifa Julai,
maji ya bomba yenyewe yakiunguza,
nani atakuja, na baada ya siku ngapi.
Muuzaji ataja dhamana, miaka mitano,
ataja matundu ya maji, arubaini na mawili.
"Magoti ninayo mawili," ajibu Mama.

Kisha (nami natafuta pa kuficha uso)
avua makubadhi, akusanya abaya,
aingia katika hodhi kavu mbele ya wateja,
akaa, afumba macho kama yuko chemchemini Rustaq.

Duka zima kimya. Kiyoyozi chanong'ona.

"Kuingia, hata mtoto huingia," asema,
akipapasa ukingo mtelezi, pasipo pa kushika.
"Nipe mkono, Thuweba. Nitoe.
Twende duka la pili."