Sakafu ya Pugu

Nilikuja mjini kufuata mkanda wa mashine,
ile ya kukoboa, iliyotufia Jumanne
katikati ya gunia la Mzee Haule.
Gerezani wakaniambia: mzigo uko bohari, rudi saa kumi.
Saa kumi! Na jua ndiyo kwanza saa nne.

Nikakumbuka agizo la mama.
Hakuniagiza kitenge, wala dawa ya miguu.
Alisema: "Ukipata nafasi fika Pugu, kwenye hija,
ukaniangalizie sakafu."
Sakafu, mama?
"Sakafu. Wenzangu wa jumuiya walikwenda, wakarudi
wanasimulia sanamu, wanasimulia madirisha, wanasimulia pilau.
Hakuna hata mmoja aliyeniambia
wanapiga magoti juu ya nini."

Bodaboda wa Gongo la Mboto, kijana aitwaye Shomvi,
alinishusha kilimani, akahesabu chenji, akauliza:
"Kaka, una mgonjwa?"
Nikamwambia nina sakafu.
Akacheka, akateremka mlima bila kuwasha injini,
kuokoa mafuta.

Kwanza makaburi. Majina ya Kijerumani, yameliwa na mvua;
niliyasoma kama mtoto wa darasa la kwanza,
silabi kwa silabi, nikakwama, nikaruka.
Walitoka mbali kuliko mimi, wakabaki.
Kwetu Songea nako tuna kaburi letu
la wale walionyongwa na Wajerumani wengine.
Bibi aliwaombea wote kwa pumzi moja,
padri na aliyenyongwa, bila kupunguza sauti,
halafu anakohoa, anaomba maji.
Mimi sina pumzi ndefu hivyo.
Nikasimama penye kivuli, kofia mkononi,
siinuki wala siinami.

Mlangoni mama mmoja, ndoo pembeni, akanizuia:
"Vua viatu."
Nikadhani ni utakatifu.
"Nimetoka kupiga deki," akasema.
Nikavua. Soksi ya kushoto ina tundu;
kidole gumba kikaiona altare kabla yangu.

Benchi la nyuma fundi amelala,
buti zake za ujenzi ndiyo mto.
Mbele, binti wa shule ameshika bahasha,
haifungui, haiweki chini.
Taa nyekundu inawaka.
Nilichuchumaa kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake,
nikapapasa kwa kiganja: saruji, rangi ya matofali,
imesuguliwa mpaka inateleza,
ufa mmoja umezibwa kwa saruji ya rangi nyingine.
Nikapiga simu, nikinong'ona.

"Ngumu?"
Ngumu, mama. Lakini baridi.
Kama jiwe la kusagia, asubuhi, kabla hujaligusa.
Kimya. Nikasikia jogoo wetu, kilomita elfu moja kutoka pale.
"Sasa nipigie."
Ndiyo nimekupigia, mama.
"Si simu, wewe. Magoti."

Mama hajafika mlangoni kwake tangu Pasaka.
Nikapiga. Goti la kulia kwanza, likalia;
la kushoto likafuata kwa aibu.
Tangu kipaimara sikumbuki nimewahi,
na sala iliyonijia, Mungu anisamehe,
ilikuwa ya mkanda: usiwe mfupi.
Kisha hiyo nayo ikaisha
nikabaki na ubaridi peke yake, unapanda mapajani,
na simu kifuani, haijakatwa,
na upande wa pili mtu anapumua taratibu
kama aliyepata mahali pa kuketi.

Niliponyanyuka, vumbi la barabara ya Pugu
lilikuwa limechora duara mbili sakafuni.
Mama wa ndoo akaziangalia, akaniangalia.
"Umenichafulia," akasema, bila hasira,
akapitisha deki mara moja,
tukaondoka, mimi na mama, pale sakafuni,
pakabaki panang'aa, pamelowa,
panamsubiri mwingine.