Lita Arobaini na Tano

Mfuniko ukiwa moto usiuguse.
Alinifunza hivyo fundi Mgaya, gereji ya Makambako,
akakunja shati, akanionyesha mkono
uliobabuka toka kiganja hadi kiwiko.
Sikuhitaji kitabu.

Basi tunangoja, mimi na Lauri Heikkinen,
ndani ya banda la bati, Thunder Bay, katikati ya Novemba.
Lori limetoka Kenora na mzigo wa mbao.
Linapoa kwa sauti, tik, tik,
chuma kikirudia kimo chake.

Siku ya kwanza aliposikia jina langu alicheka:
"Tatu? Kwetu Ufini Tatu ni mwanamume.
Mjomba wangu Tatu alikata miti, akanywa nusu ya mshahara."
Nikamwambia kwetu Tatu ni binti aliyewafuata wawili,
naye hanywi, ila chai.
Toka hapo lori lake haligusi fundi mwingine.

Saa mbili. Nauzungusha mfuniko kwa kitambaa,
robo, nasikiliza, robo tena.
Najilaza chini ya tumbo lake, nafungua koki.
Maji yalipaswa kuwa mekundu kama juisi ya rozela.
Yanatoka rangi ya tope la mfinyanzi,
yanakokota, yana mabonge
kama uji uliosahauliwa mwiko.

"Lauri. Ulitia nini humu?"
Kimya.
"Kijani. Mwezi wa nane, pale Dryden.
Taa iliwaka, na duka lilikuwa hilo hilo."

Simgombezi. Mimi niliwahi kutia maji ya mtoni
kwa kopo la rangi, katikati ya mlima Kitonga,
lori la saruji likifoka kama birika,
na likapanda.
Kule adui ni moto peke yake.
Huku maji yakilala vibaya usiku mmoja
yanavimba, yanapasua bloku ya injini
kama kifaranga anavyopasua ganda,
ila hakuna anayezaliwa.

Nasuuza. Nasuuza tena. Mara ya nne yanatoka maangavu.
Natoa themostati ya zamani, imekakamaa kama kome.
Na kuna mahali mkono wangu haufiki:
kuta za silinda zinatetema, viputo vinazipasukia,
kila kimoja kikidokoa chuma
kidogo kuliko chembe ya chumvi.
Miaka inapita, hakuna kelele,
kisha siku moja mafuta yana maji.
Ndiyo maana nachovya kijikaratasi, nasubiri rangi,
hata dereva anapotazama saa.

Nusu kipozeo, nusu maji yaliyokenekwa.
Dada yangu wa Edmonton husema, ndivyo tulivyo,
nusu huku, nusu kule, andika hilo.
Mimi naona ni kipimo tu.
Zidisha, joto halitoki. Punguza, yanaganda.

Hita wazi kabisa. Injini inanguruma, rejeta inacheua
hewa iliyojificha konani, na mimi namimina
polepole, lita ya arobaini na tatu, na nne, na tano.

Hapo Pulla, mbwa wake, anashuka ngazi za kebini
akifuata utamu wa kilichomwagika.
Natupa chupa, namkamata ukosi.
Sumu hii ni tamu, yeye hajui, na figo hazina vipuri.
Nadeki sakafu mara tatu kabla sijaitazama tena geji.

"Ukipoa kesho, angalia," namwambia Lauri.
"Yatashuka. Hewa haitoki yote siku moja."

Alfajiri simu inalia. White River, ishirini na moja chini ya sifuri.
"Tatu, yameshuka kidole kimoja."
Dumu nililompa?
"Ninalo."
Rangi gani?
Namsikia akifuta theluji kwa glovu,
mbwa akihema karibu na simu.
"Jekundu," anasema, neno la Kiswahili nililomwandikia ubavuni,
akilikanyaga silabi kwa silabi
kama mtu anayevuka barafu asiyoiamini.