Mlango wa Mazoezi

Kwenye karatasi tuko wanane.
Karatasi ina afya: haiumwi mgongo,
haiendi likizo ya uzazi, haipati uhamisho.

Nawahesabu hapa meza ya ripoti, saa tisa usiku.
Mghanga yuko Lodwar tangu Machi,
walimchukua wiki ileile alipoanza
kuzielewa ishara zangu za mkono.
Chepng'eno ananyonyesha.
Obiero, goti limemuumuka kama andazi.
Mwakutunza kesho ni shahidi Shanzu, kesi ya ng'ombe,
hakimu hataki shahidi anayesinzia.
Tumebaki Dzombo, Mwanasiti na mimi.
Wa nane ni jina tu. Mshahara wake sijui anaulia wapi.

Fulana za kuzuia risasi ni tano, mbili zimeisha muda.
Kumbe hata kinga huchacha, kama maziwa.
Yangu ina jasho la mtu aliyestaafu.

Mazoezi ni kila Jumamosi, nyuma ya kituo,
kati ya pikipiki zilizokamatwa,
kama hakuna mechi ya kulinda,
kama hakuna mgeni wa kaunti,
kama gari lina mafuta.
Yaani si kila Jumamosi.

Na mlango tunao mmoja.
Fundi Kalume alituchongea kwa mbao za kreti,
tukachanga mia mbili mbili.
Asubuhi tunauvunja, jioni anaugongomea,
hata sasa una misumari kuliko mbao.
Dzombo anaujua kwa bega
kama mtu anavyoujua mto wake wa kulalia.

Mwezi uliopita simu ililia. Mtongwe, ndani ndani huko:
baba kajifungia na panga, na mwanawe wa miaka sita.
Nikaomba msaada kisiwani.
"Tunakuja," wakasema, na kweli walikuja,
wakafika mpaka ng'ambo ya feri.
Feri moja mbovu, ya pili iko upande wetu, inapakia malori.
"Shikilieni hapo," redio ikasema.
Nikatazama cha kushikilia:
watu watatu, tochi ya simu, asilimia kumi na moja.

Mwanasiti akachuchumaa chini ya dirisha
akazungumza na yule baba kwa Kidigo, saa nzima,
habari za mahindi, za deni, za mama yake marehemu.
Hakuna aliyemfundisha hayo.
Kisha ndani pakanyamaza.
Mimi kelele naziweza. Kimya kile kilinishinda.

Nikainua ngumi, nikaifungua.
Dzombo akaupiga. Haukutikisika.
Akaupiga tena, bega likalia, mlango ukanyamaza.
Ndipo kikaja kisauti kutoka ndani,
hakina hofu, kinamwelekeza mgeni tu:
"Unavutwa."

Nikauvuta.

Baba alikuwa amelala ameketi,
panga limemlalia mapajani kama paka.
Mtoto alitutazama sisi, akamtazama yeye,
akaweka kidole mdomoni: tusimwamshe.

Daftari la matukio linasema: hakuna majeruhi.
Kamanda alitusifu gwarideni, "kikosi chetu cha watu wanane,"
nami nikapiga saluti kwa niaba ya watano.
Nikaandika barua kuomba mlango wa pili, wa kufunguka nje.
Jibu lilikuja kwa muhuri: fungu la milango halipo.

Kalume akageuza bawaba bure,
akadai soda.
Jumamosi tukajipanga.
Dzombo akausukuma.
"Vuta!" Akausukuma tena, akacheka, akashika bega.

Leo Mwanasiti kaletewa bahasha.
Garissa, kuanzia tarehe mosi.
Amenionyesha bila neno, amerudi kupanga helmeti
kwa ukubwa, ndogo mbele, kama anavyozipanga siku zote.
Badala yake analetwa kijana kutoka chuoni Kiganjo.

Nitaanza naye Jumatatu.
Ngumi: simama.
Vidole viwili: macho yako pale.
Na kabla ya yote, mwanangu,
gusa bawaba.